Uani Baada ya Mvua ya Upepo: Nani Aanze, Nani Alipe
Kijitabu cha elimu ya afya kwa wapangaji na wenye nyumba, Sitalike

Mvua za Katavi huanza Novemba na kukatika Aprili, na katikati yake zipo siku ambazo mvua haiji peke yake. Inakuja na upepo unaoezua bati, unaovunja matawi ya miembe na kulaza ukuta wa choo uliojengwa kwa tofali mbichi. Kukicha, uani pamejaa misumari, bati zilizojikunja, majani yaliyoloa na madimbwi. Sitalike ina wapangaji wengi kwa sababu ni lango na makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974: askari wa hifadhi, walimu, wauguzi, madereva na wafanyabiashara wadogo hupanga vyumba vinavyotazama uwanja mmoja wenye choo kimoja, na mwenye nyumba huenda anaishi Mpanda, kilomita zipatazo 35 kutoka hapa, au mbali zaidi. Ndipo linapozuka swali la nani asafishe. Mpangaji anasema nyumba si yake, na mwenye nyumba anasema haishi hapo. Kijitabu hiki kinashikilia kwamba hayo ni maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni nani aanze, na jibu lake ni aliyepo. La pili ni nani abebe gharama, na jibu lake ni mwenye kitu kilichoharibika. Kaya zinaugua kwa sababu watu hungoja jibu la pili ndipo watekeleze la kwanza.

Hesabu ya siku

Haraka ya kuanza inatokana na maisha ya mbu. Katika joto la huku, yai la mbu aenezaye malaria huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku kumi hivi, pengine pungufu. Mbu huyo anapenda maji ya kina kifupi yanayopigwa na jua: alama za kwato za ng'ombe, njia ya magurudumu ya pikipiki, shimo lililofyatuliwa tofali likaachwa wazi. Yupo pia mbu mwingine mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue, ile iliyowalaza maelfu ya watu mwaka 2019, hasa Dar es Salaam. Huyu hataki dimbwi, anataka chombo: kopo, tairi bovu, kifuniko cha ndoo, mkunjo wa turubai, hata bati lililojipinda likakinga maji. Mayai yake hugandama kwenye ukingo wa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima chombo kisuguliwe, kifunikwe au kiondolewe kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban watoto 8 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano, lakini katika mkoa wa Tabora, jirani zetu, walikuwa takriban 23. Ukanda huu wa magharibi hauna anasa ya kuacha maji yatuame wakati watu wazima wanajadiliana kwenye simu. Kwa hiyo mwisho wa mjadala wowote uwe siku ya saba. Kufikia hapo kila chombo kiwe kimemwagwa na kila dimbwi linalofukika liwe limefukiwa au limefunguliwa njia, awe amelipa nani.

Choo hakina hata hizo siku saba. Shimo likijaa maji ya mvua na kufurika, au ukuta ukiporomokea ndani, kinyesi kinasafiri na maji hadi kisimani, jikoni na kwenye mikono ya watoto wanaocheza. Tanzania inalijua hilo kwa gharama: mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 ulipita katika mikoa yote 26 ya Bara, na kufikia Januari 2018 wagonjwa walikuwa zaidi ya 33,000 na waliofariki zaidi ya 540. Siku ile ile ya dhoruba, choo kilichobomoka kizungushiwe miiba au mbao ili mtoto asitumbukie, na wapangaji waombe choo cha jirani badala ya kwenda vichakani. Penye kinyesi kilichosambaa pamwagiwe chokaa au majivu, kisha kinyesi kizolewe kwa koleo na kufukiwa mbali na kisima, na anayefanya kazi hiyo avae viatu vilivyofunika mguu na kunawa kwa sabuni akimaliza. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yawekewe dawa ya klorini, hata yakionekana maangavu, kwa kuwa vijidudu havionekani kwa macho.

Kuna hatari nyingine ambazo hazisubiri ugonjwa. Msumari wenye udongo ukichoma mguu unaweza kuleta pepopunda, kwa hiyo jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni na mtu aende zahanati kuulizia chanjo. Chini ya bati na rundo la matawi hujificha nyoka, akiwemo kifutu, ambaye hakimbii akisikia hatua za mtu. Inua vitu kwa fimbo au jembe, usiingize mkono. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe kituo cha afya. Waya wa umeme uliodondoka usisogelewe, na mti ulioulalia usikatwe hadi mafundi wa TANESCO waje. Na kwa kuwa viboko wa mto Katuma hutoka majini giza likiingia kutafuta malisho, usafi wa nyumba zilizo karibu na mto ufanywe mchana tu. Watoto wapewe kazi ya kufagia majani, si ya kukusanya bati.

Kazi ya mikono na kazi ya mfuko

Mpangaji aliyepo ndiye wa kwanza kuliona kopo lililojaa maji. Kumwagia lawama mwenye nyumba aliyeko Mpanda hakuondoi maji yale. Kufagia, kumwaga, kukusanya matawi yanayobebeka, kutenganisha misumari, kuzungushia choo miiba na kufukia madimbwi madogo ni kazi ya wanaoishi uani, na palipo vyumba vingi ifanywe na wote siku moja, si kwa zamu. Zamu inafaa kwa kufagia kwa kila siku. Baada ya dhoruba, zamu maana yake ni mtu mmoja kubeba mzigo wa wote, na kwa kawaida mtu huyo huwa mwanamke wa chumba cha mwisho.

Lakini paa, kuta, choo, mfereji, mti mkubwa uliong'oka na shimo la tofali lililo nyuma ya nyumba ni vya mwenye nyumba. Tangu ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, uzito mkubwa umebaki kwenye mapatano ya pande mbili. Hata hivyo Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inapozungumzia upangishaji inahesabu kwamba anayepangisha sehemu ya jengo ameahidi kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu, isipokuwa wamekubaliana vingine. Sitalike ni kijiji, na ardhi ya vijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huo huo, kwa hiyo mtu asichukue kifungu kwenda kumtisha mwenzake. Cha kuchukua ni mantiki yake, nayo ni ya haki popote: anayebaki na kitu mpangaji akihama ndiye anayekijenga upya. Nayo Sheria ya Afya ya Jamii, Na. 1 ya 2009, inampa ofisa afya mamlaka ya kukagua nyumba na kutoa notisi kwa uchafu, maji yaliyotuama au choo kinachohatarisha watu.

Wapo wenye nyumba wanaosema dhoruba ni kazi ya Mungu na hawakuituma wao. Ni kweli, na hakuna anayewashtaki kwa upepo. Gharama hapa haifuati kosa, inafuata umiliki. Mbona nyumba ikipanda thamani, faida hiyo hawaigawi na mpangaji? Hoja nzito zaidi ni kwamba kodi ya chumba kijijini ni ndogo, na wenye nyumba wengine ni wajane au wakulima wenye vyumba viwili tu. Hoja hii inastahili heshima. Jibu lake ni ukarabati wa bei nafuu: choo cha miti na turubai kwa muda, bati kuukuu zilizonyooshwa, kazi ya mikono ya wapangaji ikihesabiwa kwenye kodi. Kodi ndogo inahalalisha choo cha kawaida. Haihalalishi kukosa choo.

Mpangaji naye ana hofu yake: akianza leo, mwenye nyumba atamwachia mzigo milele. Hofu hiyo haimalizwi kwa kukaa, inamalizwa kwa ushahidi. Kabla ya kugusa kitu apige picha kwa simu, atume ujumbe mfupi unaotaja kilichoharibika na kinachohitajika, na atunze risiti ya misumari au ya ujira wa kibarua. Asikate kodi kwa uamuzi wake mwenyewe, maana hapo deni la mwenye nyumba linageuka kuwa kosa la mpangaji. Wakishindwa kuelewana, waanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, na jambo likiwa la afya aitwe ofisa afya. Wako pia wanaoona kijiji ndicho kisafishe. Kijiji kina barabara zake, mitaro ya umma na visima vya umma, na siku ya dhoruba hivyo vinakitosha.

Taka zenyewe ziende wapi? Majani na matawi mabichi yafukiwe shambani yaoze yawe mbolea. Plastiki zisichomwe karibu na vyumba kwa sababu moshi wake unadhuru mapafu. Zikusanywe kwenye shimo la taka lililochimbwa mahali pa juu, mbali na njia ya maji. Na kisitupwe kitu Katuma. Mto huo unaingia hifadhini hadi maziwa ya Katavi na Chada, na wakati wa kiangazi hubaki vidimbwi ambamo viboko husongamana. Chupa iliyotupwa Desemba itakutwa humo Septemba.

Yote haya ni rahisi kukubaliwa mwezi Oktoba, bati zikiwa bado juu ya nyumba. Mkataba, hata wa karatasi ya daftari wenye sahihi ya mashahidi wawili, uongezwe mistari michache: kiasi cha fedha ambacho mpangaji anaweza kutumia kwa dharura bila kuuliza na jinsi kitakavyorudishwa, siku ambazo mwenye nyumba amepewa kurejesha choo na paa, mahali pa kutupa taka, na jina na namba ya simu ya mtu anayeishi Sitalike mwenye ruhusa ya kuamua pale mwenye nyumba asipopatikana.