Ngiri ya Ukuta wa Tumbo: Aina, Visababishi na Tiba ya Upasuaji

Utangulizi

Ukuta wa tumbo umeundwa kwa ngozi, mafuta, misuli na tando ngumu zinazoshikilia viungo vya ndani mahali pake. Ukuta huo ukidhoofika au ukibaki na tundu, sehemu ya utumbo au mafuta ya ndani husukumwa nje na kujitokeza kama uvimbe chini ya ngozi. Hali hiyo ndiyo ngiri, ambayo hospitalini huitwa pia henia.

Katika jamii, neno "ngiri" hutumika kwa mambo mengi: maumivu ya kiuno, upungufu wa nguvu za kiume, hata busha, ambalo ni mkusanyiko wa maji kuzunguka korodani. Kutokana na mchanganyiko huo, baadhi ya wagonjwa hunywa dawa kwa miaka mingi, ilhali hakuna dawa ya kunywa inayoweza kuziba tundu lililo kwenye ukuta wa tumbo.

Aina za ngiri

*Ngiri ya kinena* ndiyo inayotokea zaidi, nayo ni takriban robo tatu ya ngiri zote za ukuta wa tumbo. Mtoto wa kiume anapokuwa bado tumboni mwa mama, korodani zake hushuka kupitia mfereji wa kinena. Njia hiyo isipofunga, utumbo unaweza kuifuata hadi kwenye mfuko wa korodani. Kwa watu wazima, ngiri hii hutokana pia na kuchoka kwa misuli ya kinena.

*Ngiri ya paja* hujitokeza chini kidogo ya kinena, hasa kwa wanawake wenye umri mkubwa. Tundu lake ni jembamba, hivyo utumbo hunasa kwa urahisi.

*Ngiri ya kitovu* huonekana sana kwa watoto wachanga, na nyingi hujifunga zenyewe kabla ya umri wa miaka 5. Kufunga sarafu au kitambaa kitovuni hakusaidii, na huweza kuchubua ngozi ya mtoto. Kwa mtu mzima, ngiri hii haijifungi.

*Ngiri ya kovu* hutokea mahali palipofanyiwa upasuaji wa tumbo, hasa kidonda kilipopata maambukizi. *Ngiri ya juu ya kitovu* hujitokeza kati ya kitovu na kidari.

Visababishi

Mambo mawili hukutana: udhaifu wa ukuta na msukumo kutoka ndani. Udhaifu huweza kuwa wa kuzaliwa nao, au kuletwa na uzee, uvutaji wa sigara, lishe duni na makovu. Msukumo huongezwa na kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, kujikamua wakati wa kukojoa kutokana na kuvimba kwa tezi dume, ujauzito, unene uliopitiliza, maji tumboni na kunyanyua mizigo mizito. Kwa hiyo, mgonjwa mwenye ngiri anapaswa kuulizwa pia kuhusu kikohozi, choo na mkojo.

Dalili na hatari

Kwa kawaida uvimbe hutokeza mgonjwa anaposimama au kukohoa, na hurudi ndani anapolala. Hatari huanza pale unapokataa kurudi. Utumbo ulionasa ukikabwa hukosa damu, na ndani ya saa chache huweza kuoza na kutoboka.

Dalili za hatari ni maumivu makali ya ghafla, uvimbe mgumu usiorudi, ngozi kubadilika rangi, kutapika, tumbo kujaa, na kukosa choo au ushuzi. Mgonjwa wa namna hii asile wala kunywa chochote, asilazimishe kuusukuma uvimbe, na afikishwe mara moja kwenye hospitali yenye huduma ya upasuaji.

Tiba ya upasuaji

Daktari hurudisha utumbo ndani, kisha huimarisha ukuta. Kwa watoto wenye ngiri ya kinena, ambayo haijifungi yenyewe, hutosha kufunga mfuko wa ngiri. Kwa watu wazima, ukuta hushonwa kwa nyuzi au huwekewa wavu maalumu wa kitabibu. Wavu hupunguza uwezekano wa ngiri kurudi, kwa kuwa misuli haivutwi kwa nguvu ili ikutane.

Gharama ya wavu imekuwa kikwazo. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulihusisha wanaume 302. Nusu yao waliwekewa wavu wa bei nafuu wa aina ya kitambaa cha chandarua, uliotakaswa kwa mvuke. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na ya waliowekewa wavu wa kawaida wa viwandani.

Ngiri nyingi za kinena hufanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mahali husika au ya mgongoni, na mgonjwa huweza kutembea siku hiyohiyo. Mizigo mizito huepukwa kwa wiki 4 hadi 6. Madhara yanayoweza kutokea ni maambukizi, damu kuvilia, maumivu ya muda mrefu na ngiri kurudi.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa apimwe akiwa amesimama na akiwa amelala, na aombwe kukohoa. Kwa busha, vidole huweza kukutana juu ya uvimbe. Kwa ngiri iliyoshuka kutoka kinenani, haviwezi. Kila mgonjwa anayetapika na kujaa tumbo akaguliwe kinena na mapaja, hata kama hakulalamikia uvimbe. Ngiri ya paja kwa mama mzee hupitwa kwa urahisi namna hiyo. Inaposhukiwa kukabwa, mgonjwa awekewe dripu na mpira wa puani hadi tumboni, apewe dawa ya maumivu, kisha apewe rufaa bila kuchelewa.

Hitimisho

Upasuaji uliopangwa hufanyika mgonjwa akiwa na nguvu na utumbo wake ukiwa mzima. Ule wa dharura huweza kulazimu kukata sehemu ya utumbo, na hatari ya kifo huongezeka. Mwenye uvimbe unaotokeza na kurudi afike kituo cha afya ungali unarudi.