Uchovu Usiokwisha Ukiwa kwenye Dawa ya Thairoidi

Kwa mgonjwa na wale anaoishi nao

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Ikishindwa kutoa homoni za kutosha, mwili mzima hupunguza mwendo: mtu anasikia baridi wenzake wakitoka jasho, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, uzito unapanda, na anaamka akiwa amechoka. Tiba yake ni kidonge cha levothairoksini, na wengi hukimeza kila siku maisha yao yote. Kijitabu hiki kinamhusu yule ambaye tayari anakimeza na bado hana nguvu.

Uchovu haupimi dozi

Dozi ikipungua, utachoka. Ikizidi, utachoka vilevile, kwa sababu moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika na misuli inalegea. Anayejiongezea nusu kidonge kwa kuwa amechoka huenda anaongeza kilekile kinachomchosha. Dawa ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuufanya moyo upige bila mpangilio, hasa kwa wazee, na kudhoofisha mifupa, hasa ya wanawake waliokoma hedhi.

Kinachoonyesha dozi ni kipimo cha damu kiitwacho TSH. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Ni kama mama anayemwita mtoto: asipoitika, sauti hupanda. Kwa hiyo kwa wengi TSH iliyo juu huonyesha kwamba homoni ya thairoidi ni pungufu, na iliyoshuka sana huonyesha kwamba dawa imezidi. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huchukua kati ya 0.4 na 4 hivi kuwa kiwango cha kawaida.

Dawa hii hutoka mwilini polepole. Ukiacha kuimeza leo, baada ya siku 7 hivi karibu nusu yake bado imo. Ndiyo sababu dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Ukienda maabara baada ya wiki mbili, majibu yatachanganya dozi ya zamani na mpya. Daktari naye hupandisha kidogokidogo, mara nyingi maikrogramu 12.5 hadi 25 kwa hatua moja. Wiki sita ni ndefu kwa mtu anayesinzia kazini, hilo halifichiki, lakini hazina njia ya mkato.

Kabla ya kuongeza dozi, tazameni meza ya chai

Mara nyingi dozi inatosha ila haifiki kwenye damu. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kahawa, chai ya maziwa na uji wenye soya huzuia sehemu ya dawa isifyonzwe. Vidonge vya kuongeza damu, pamoja na FEFO za kliniki ya wajawazito, vidonge vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia vikae mbali na kidonge hiki kwa saa 4. Hapa anayepika asubuhi ana msaada mkubwa kuliko anavyodhani: akichelewesha kikombe, ameshatibu.

Asiyeiweza asubuhi anaweza kukubaliana na daktari ameze usiku, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Mpango huo huwafaa baadhi ya wanaofunga Ramadhani, mradi futari na daku viachiwe nafasi. Cha muhimu ni kutobadilisha saa kila siku. Dawa isiwekwe juu ya jiko wala dirishani. Joto na unyevu huiharibu.

TSH iko sawa, uchovu upo palepale

Basi tafuteni kwingine, na msikubali kuambiwa ni uvivu. Upungufu wa damu ndio wa kutazamwa mapema, kwani thairoidi iliyolegea inaweza kuleta hedhi nzito inayomaliza madini ya chuma. Ugonjwa wa kinga unaoishambulia thairoidi huweza pia kuandamana na upungufu wa vitamini B12. Kuna kisukari, kifua kikuu, VVU, sonona, na dawa nyingine, zikiwemo baadhi za presha. Mwenza wako akisema unakoroma na pumzi inakatika usiku, mwambie daktari. Hilo peke yake linaweza kumchosha mtu mwaka mzima.

Ukienda kupima, taja kila unachomeza, hata vidonge vya kukuza nywele na kucha. Vingi vina bayotini, ambayo huvuruga majibu ya thairoidi katika baadhi ya mashine. Uliza uiache siku ngapi kabla ya kutoa damu.

Wasiosubiri

Mwanamke anayetumia dawa hii akikosa hedhi, apime mimba na kumwona daktari wiki hiyohiyo, wala asingoje tarehe ya kliniki. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, na mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, moyo kwenda mbio bila kutulia, au mgonjwa kusinzia kupita kiasi, kupoa mwili na kuchanganyikiwa: hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.