Kupanga Masomo na Kazi Baada ya Kidato cha Nne

MALENGO YA MADA

Ukimaliza mada hii, uweze:
(a) kukokotoa pointi na daraja lako;
(b) kueleza njia kuu tatu zilizo wazi baada ya kidato cha nne na sifa za kila njia;
(c) kupanga kwa kurudi nyuma, kutoka kwenye kazi hadi kwenye somo;
(d) kuandika mpango wenye njia kuu na njia ya akiba.

1. UTANGULIZI

Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, iliwahi kusikika nchi nzima kwa kampeni ya Tokomeza Zero. Kampeni hiyo iliongozwa na aliyekuwa Mkuu wa Wilaya, Jokate Mwegelo. Lengo lilikuwa mwanafunzi wa Kisarawe asimalize kidato cha nne akiwa na daraja sifuri. Ni lengo jema, na hata wewe unapaswa kuanza nalo.

Lakini kuikwepa ziro ni hatua ya kwanza tu. Matokeo yakitoka, watu huulizana, "Umepata divisheni ngapi?" Vyuo na shule za kidato cha tano havisimami hapo. Vinauliza: umefaulu masomo gani? Watahiniwa wawili wanaweza kuwa na daraja moja na pointi zilezile, mmoja akapokelewa chuo cha afya na mwingine akakataliwa. Mada hii inaeleza jinsi hilo linavyotokea, na nini cha kufanya sasa, kabla ya mtihani.

2. JINSI DARAJA LINAVYOPATIKANA

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutumia alama zifuatazo katika mtihani wa kidato cha nne:

A: 75 hadi 100, pointi 1
B: 65 hadi 74, pointi 2
C: 45 hadi 64, pointi 3
D: 30 hadi 44, pointi 4
F: 0 hadi 29, pointi 5

Pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa. Jumla ndogo ndiyo bora:

Daraja la I: pointi 7 hadi 17
Daraja la II: pointi 18 hadi 21
Daraja la III: pointi 22 hadi 25
Daraja la IV: pointi 26 hadi 33
Daraja 0: pointi 34 hadi 35

Zingatia mipaka miwili. Aliyepata 29 ana F, aliyepata 30 ana D. Aliyepata 44 ana D, aliyepata 45 ana C. Alama moja kwenye mpaka inaweza kufungua au kufunga mlango, wakati alama kumi katikati ya daraja hazibadilishi kitu.

3. MFANO: MTAHINIWA WA KURUI

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtahiniwa anayeishi kata ya Kurui, wilayani Kisarawe. Anataka kuwa tabibu. Matokeo yake ni haya:

Kiswahili B (2), Biolojia C (3), Kemia C (3), Jiografia C (3), Uraia C (3), Kiingereza D (4), Fizikia D (4), Historia D (4), Hisabati F (5).

Masomo saba bora: 2 + 3 + 3 + 3 + 3 + 4 + 4 = 22. Hili ni Daraja la III.

Sasa tuseme aliidharau Fizikia, akapata F badala ya D. Historia yake, ambayo nayo ni D, inaingia mahali pa Fizikia. Jumla inabaki 22 na daraja linabaki la III. Jirani akimuuliza, jibu ni lilelile. Hata hivyo, tazama kilichobadilika:

Akiwa na D ya Fizikia, ana ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia, masomo yanayotakiwa katika kozi ya utabibu ngazi ya stashahada. Anaweza kuomba.

Akiwa na F ya Fizikia, hana sifa ya kozi hiyo, na tahasusi ya PCB nayo imefungwa. Tahasusi ya CBG bado ipo, kwa sababu ina Kemia, Biolojia na Jiografia.

Daraja halikubadilika, lakini ndoto yake imekwama kwa sababu ya somo moja ambalo halikuonekana hata kwenye hesabu ya daraja. Ndiyo maana kauli ya "somo hili halinisaidii, nina masomo mengine saba" ni ya hatari. Kwanza jua unakokwenda, ndipo useme somo gani halikusaidii.

4. NJIA TATU BAADA YA KIDATO CHA NNE

Ukitaka kuziona njia hizi kwa macho, tazama Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilisaidia kuanzisha kituo ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Katika eneo hilo ipo shule ya sekondari yenye kidato cha tano na sita, kipo chuo cha maendeleo ya wananchi kinachofundisha stadi za kazi, na ipo hospitali ya Tumbi. Wanaofanya kazi katika hospitali kama hiyo hawakupita njia moja: wapo waliopita kidato cha sita, wapo waliotoka kidato cha nne wakaenda moja kwa moja chuo cha afya, na wapo mafundi umeme na bomba waliotoka vyuo vya ufundi.

Njia ya kwanza: kidato cha tano na sita. Utaratibu wa miaka ya karibuni umetaka ufaulu wa C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, na jumla ya pointi isiyozidi 25. Masomo ya tahasusi nayo hutazamwa yenyewe: jumla ya pointi zake iwe kati ya 3 na 10. Mtahiniwa wetu ana 9 katika CBG (3 + 3 + 3) na 10 katika PCB (4 + 3 + 3), yaani PCB yuko ukingoni kabisa. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi kufikia 65, kwa hiyo usiishie kwenye zile ulizozisikia kwa kaka na dada. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23.

Njia ya pili: chuo cha kati. Vyuo hivi husimamiwa na NACTVET. Kwa kawaida sifa ya chini ni ufaulu wa D katika masomo manne yasiyo ya dini, kisha kila kozi hutaja masomo yake. Uuguzi na utabibu hutaka Kemia, Biolojia na Fizikia. Kozi za uhandisi huangalia zaidi Hisabati na Fizikia. Mwanafunzi huanza ngazi ya 4, akapanda ya 5, kisha ya 6 ambayo ni stashahada. Tangu mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Njia ya tatu: ufundi stadi. VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi hufundisha umeme, uashi, ushonaji, ufundi magari, uchomeleaji na fani nyingine. Hapa kinachopimwa zaidi ni kazi ya mikono yako. Kijana wa Pwani ana sababu ya kuitazama njia hii kwa heshima: reli ya kisasa inapita mkoani humu, na eneo la Kwala lina bandari kavu na viwanda. Fundi anahitajika kote huko.

Je, anayekwenda chuo amepoteza chuo kikuu? Hapana. Mwenye kidato cha sita huhitaji angalau alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Mwenye stashahada huhitaji angalau GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Njia ya chuo huweza kuwa ndefu zaidi, lakini anayeipita anapata ujuzi wa kumwajiri au kujiajiri hata kabla ya shahada.

5. KUPANGA KWA KURUDI NYUMA

Wanafunzi wengi hupanga kwenda mbele: "Nifanye mtihani kwanza, mengine nitajua matokeo yakitoka." Panga kinyume chake. Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Andika kazi mbili unazozitaka. Usiandike "daktari" kwa sababu tu baba anapenda. Tazama kazi zinazokuzunguka. Mkulima wa korosho na mihogo anahitaji afisa ugani, zahanati inahitaji muuguzi, AMCOS inahitaji mtunza hesabu.

Hatua ya 2. Kwa kila kazi, tafuta kozi na ngazi yake. Tumia mwongozo wa udahili wa NACTVET au muulize mwalimu wa ushauri na unasihi.

Hatua ya 3. Andika masomo ambayo kozi hiyo inayataja kwa jina. Hayo yaite masomo ya mlango.

Hatua ya 4. Linganisha na alama zako za mtihani wa utamirifu. Somo la mlango lililo kati ya 25 na 29, au kati ya 40 na 44, ndilo la kulipa muda kwanza.

Hatua ya 5. Andika njia ya akiba. Ukikosa sharti moja la njia kuu, utaenda wapi? Jibu likiwa "nyumbani", mpango haujakamilika.

Kama uliacha Fizikia na Kemia kidato cha tatu, usijidanganye kwamba chuo cha utabibu kitakupokea. Una mambo mawili ya kuchagua: kuelekeza nguvu kwenye kozi zisizodai masomo hayo, au baadaye kuyafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea katika kituo chenye maabara. Yote mawili ni halali, ila la pili linataka muda na fedha.

6. KALENDA NA FEDHA

Mtihani hufanyika Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Baada ya matokeo, TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadili machaguo ya Selform kwa njia ya mtandao. Kidato cha tano huanza Julai. Ukijaza Selform shuleni na kuisahau, utapangwa kwa machaguo uliyoyaandika kabla hujajua alama zako.

Zungumza na mzazi au mlezi mapema. Kwa kaya inayotegemea korosho, fedha huja msimu wa mauzo mwishoni mwa mwaka, lakini godoro, sare na nauli ya kidato cha tano hudaiwa Julai. Anayesubiri Juni kuanza kuzungumza anakuta fedha imekwishatumika. Mwambie kwa adabu na kwa karatasi: kozi hii, chuo hiki, gharama hizi.

7. ZOEZI

Mtahiniwa amepata: Elimu ya Dini ya Kiislamu B, Kiswahili C, Historia C, Uraia D, Jiografia D, Kiingereza D, Biolojia D, Hisabati F.

(i) Kokotoa pointi na daraja lake.
(ii) Je, ana sifa ya kidato cha tano? Toa sababu.
(iii) Je, anaweza kuomba chuo cha kati?
(iv) Katika Jiografia alipata 41. Alama ngapi zingebadilisha hali yake, na kwa namna gani?

MAJIBU

(i) 2 + 3 + 3 + 4 + 4 + 4 + 4 = 24. Daraja la III.
(ii) Hana. Pointi zake hazizidi 25, lakini somo la dini halihesabiwi, hivyo ana C mbili tu badala ya tatu.
(iii) Ndiyo. Ana ufaulu katika masomo sita yasiyo ya dini. Achague kozi ambazo masomo yake ya mlango anayo.
(iv) Alama 4. Angefikisha 45, yaani C. Angekuwa na C tatu zisizo za dini na pointi 9 katika HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili), hivyo mlango wa kidato cha tano ungefunguka.

KAZI YAKO: Kabla ya kufungua mada inayofuata, chukua daftari. Andika kazi mbili, kozi mbili, masomo ya mlango, na alama zinazopungua katika kila somo. Bandika karatasi hiyo mahali unaposomea, na kila wiki anza na somo lenye pengo dogo zaidi kufikia mpaka.