Uongozi wa Shule na Ushahidi wa Ufundishaji wa Kusoma: Mtazamo Kutoka Kibwezi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili uhusiano uliopo baina ya uongozi wa shule, utawala wake na matumizi ya ushahidi katika kuboresha ufundishaji, hususan ufundishaji wa kusoma kwa Kiswahili katika madarasa ya chini. Eneo la Kibwezi, Kaunti ya Makueni, limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wengi wa eneo hili huingia darasani wakiwa na Kikamba, kisha hutakiwa kujifunza kusoma kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwa wakati mmoja. Pili, elimu ya shule si jambo geni hapa: Misheni ya Kiskoti ya Afrika Mashariki ilianza kazi yake Kibwezi mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Hoja kuu ni kwamba ushahidi hauboreshi ufundishaji kwa kuwepo tu. Huuboresha pale ambapo pana uongozi ulio tayari kuutumia, na mwalimu mwenye maarifa ya lugha ya kuufasiri.

2.0 Nani Anaongoza Shule?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilianzisha Bodi ya Usimamizi katika kila shule ya umma, mahali pa kamati ya shule iliyozoeleka chini ya sheria ya mwaka 1968. Miongoni mwa wajumbe wa bodi hiyo ni wawakilishi 6 wa wazazi na jamii, 3 wa mdhamini na 1 wa walimu; mwalimu mkuu huwa katibu. Sheria inaipa bodi jukumu la kukuza ubora wa elimu. Hata hivyo, mwalimu wa shule ya umma huajiriwa, huhamishwa na kuadhibiwa na Tume ya Huduma ya Walimu (TSC). Bodi basi ina wajibu juu ya ubora bila ya kuwa na mamlaka juu ya ajira, isipokuwa kwa walimu inaowalipa yenyewe. Asiyeweza kuamrisha hana budi kushawishi, na hapo ndipo ushahidi unapohitajika.

Kwa miaka mingi ushahidi uliotegemewa zaidi ulikuwa alama ya wastani ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023. Udhaifu wake ulikuwa dhahiri: ulifika mwanafunzi akiwa amemaliza darasa la nane. Mtoto aliyeshindwa kusoma katika darasa la pili aligunduliwa miaka sita baadaye, wakati ambapo hapakuwa tena na la kufanya.

3.0 Mafunzo ya Utafiti

Tafiti mbili zilizofanywa magharibi mwa Kenya zinaweza kuwafaa viongozi wa shule za Kibwezi. Wa kwanza, wa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, ulichunguza athari za kugawa vitabu vya kiada katika shule za Busia miaka ya 1990. Ilibainika kuwa vitabu viliwafaidi wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri, wengine hawakunufaika. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu.

Wa pili, wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer, ulianza mwaka 2005. Shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba, na darasa likapungua kutoka wanafunzi 82 hadi 44 kwa wastani. Kupungua huko peke yake hakukuleta maendeleo makubwa. Baadhi ya walimu wa kudumu walilegeza juhudi zao, na takribani thuluthi moja ya walioajiriwa walikuwa jamaa za walimu waliokuwapo. Katika nusu ya shule hizo kamati zilifunzwa jinsi ya kuajiri na kufuatilia kazi ya mwalimu. Huko kasoro hizo zilipungua na masomo yakaimarika. Funzo ni kwamba rasilimali ile ile huzaa matunda tofauti kutegemea utawala unaoisimamia.

4.0 Kufasiri Takwimu za Kusoma

Kuanzia mwaka 2009, tathmini za Uwezo ziliwapima watoto nyumbani kwao katika Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Ripoti zake zilirudia kuonyesha kwamba takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kufanya kazi ya darasa la pili. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa Tusome. Maafisa wa mitaala walitembelea madarasa wakiwa na vishikwambi, wakawasikiliza wanafunzi wakisoma na kumshauri mwalimu papo hapo.

Viwango vilivyotumika kupima ufasaha vilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mjumbe wa bodi asiyejua isimu angeweza kudhani kwamba Kiswahili kimelegezewa masharti. Sivyo. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi: neno "hawatanisomea" hubeba maana ambayo Kiingereza huieleza kwa maneno sita. Kulinganisha idadi ya maneno ya lugha hizi mbili bila kuzingatia jambo hilo ni kumhukumu mwalimu wa Kiswahili kwa kipimo kisicho chake.

Suala la matamshi nalo ni muhimu. Kikamba hakina sauti /r/, hivyo mtoto anaweza kusoma "rafiki" akatamka "lafiki". Je, hajui kusoma? La hasha. Ameitambua herufi na kuielewa maana. Kinachosikika ni athari ya lugha ya kwanza. Kosa hili halifai kuhesabiwa pamoja na la mtoto anayeitazama silabi na kukisia. La kwanza linahitaji mazoezi ya matamshi. La pili linahitaji kurudi kwenye herufi.

Aidha, tahajia za Kikamba na Kiswahili hukaribia kuwa na herufi moja kwa kila sauti, jambo lisilopatikana katika Kiingereza. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini. Uongozi unaoheshimu sera hiyo haumpotezei mtoto muda, kwa kuwa ujuzi wa kusoma Kikamba huvuka hadi Kiswahili. Lakini uamuzi huu nao unahitaji ushahidi: katika vituo vya barabara ya Mombasa kama Makindu na Mtito Andei, Kiswahili husikika sokoni kila siku, tofauti na vijiji vya ndani.

5.0 Kutoka Rejista Hadi Darasani

Shule haihitaji mitambo ili kuanza. Mwalimu anaweza kumsikiliza kila mwanafunzi kwa dakika moja mwanzoni mwa muhula na kuwapanga katika makundi matatu: wasiojua herufi, wanaosoma silabi na maneno, na wanaosoma sentensi. Matokeo hayo yawekwe kando ya rejista ya mahudhurio. Kibwezi ni eneo kame, na mvua ikikosekana mahudhurio huweza kushuka. Bila rejista, mwalimu atalaumiwa kwa makosa ya njaa, na bodi itajadili nidhamu badala ya chakula cha shule.

Tahadhari moja ni muhimu. Mfumo wa TSC wa kutathmini walimu (TPAD), ulioanza mwaka 2016, ulipingwa na chama cha walimu, KNUT. Takwimu zikigeuzwa kiboko, zitapikwa. Mwalimu mkuu anapaswa kuanza kwa kuuliza, "Mwalimu huyu anahitaji msaada gani?"

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba ubora wa ufundishaji hutegemea ushahidi unaofika mapema, bodi inayoufuatilia, na ufasiri unaozingatia isimu ya lugha husika. Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni, ambao wengi wao watakuwa walimu na wakuu wa shule, wana dhima hapa. Maarifa yao ya fonolojia na mofolojia ndiyo yatakayomwezesha mjumbe wa bodi kutofautisha mtoto asiyejua kusoma na mtoto anayesoma kwa lafudhi ya kwao.