VIJANA, MAFUTA NA NGUVU ZA KIUME

Leo tunajifunza juu ya mwili wa kijana wa kiume. Jambo hili watu hulisema kwa kunong'ona. Sisi tutalisema wazi, maana wapo vijana wanaopoteza fedha na afya kwa kutolielewa.

Mvulana akiwa na umri kati ya miaka 9 na 14, mwili wake huanza kubadilika. Korodani hukua. Baadaye sauti huwa nzito, na ndevu huota. Mabadiliko hayo huletwa na homoni. Homoni ni kichocheo kinachotengenezwa na mwili na kusafiri katika damu. Homoni ya kiume inaitwa testosteroni. Hutengenezwa katika korodani, lakini amri hutoka kichwani, kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Amri isipotoka, korodani hulala.

Je, mafuta ni adui? Hapana. Homoni yenyewe hutengenezwa kutokana na aina ya mafuta. Kijana wa Kamachumu anayelima na kubeba mikungu ya ndizi, kisha akala ndizi kwa maharage na dagaa, asiogope mafuta. Senene nao ni chakula kizuri. Karibu nusu ya uzito wa senene waliokauka ni mafuta, basi tusile kikapu kizima!

Shida ni kijana anayekaa juu ya pikipiki mjini Bukoba au Muleba tangu asubuhi hadi usiku, na chakula chake ni chipsi, sambusa na soda. Gramu 1 ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara 2 ya gramu 1 ya unga. Nguvu hiyo isipotumika, hugeuka kitambi. Kitambi nacho hakikai bure. Huigeuza homoni ya kiume kuwa homoni ya kike. Hapo ubongo hupunguza amri yake. Ndiyo maana kijana mnene sana huweza kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Pombe nyingi, hata rubisi yetu, huongeza madhara.

Kulima, kutembea na kucheza mpira husaidia. Mnene akipungua uzito, homoni hupanda tena. Lakini kazi nzito bila chakula cha kutosha huishusha. Wavuvi wa Bumbire na Goziba wanaokesha ziwani wasikilize: homoni hii hutengenezwa zaidi mtu akiwa amelala. Anayekesha usiku alale mchana, tena ale ashibe.

Sasa jambo la hatari. Vijana wengine hununua sindano za kutunisha misuli. Ndani yake mna homoni ya kiume. Ubongo ukiona homoni imejaa katika damu, huacha kutoa amri. Korodani husinyaa. Mbegu za uzazi hupungua, au huisha kabisa. Kurudi kwake huweza kuchukua miezi mingi. Kijana alitaka kuwa mwanamume zaidi, na sasa mkewe hapati mimba. Hapa kwetu lawama humwangukia mke kwanza, naye hana kosa lolote.

Mkikaa mwaka 1 mkitafuta mtoto bila kupata, njoni zahanati wote wawili. Mume ataje kila sindano na kila dawa aliyotumia. Tutawaandikia barua ya kwenda hospitali yenye hadubini. Kupima mbegu za mume ni kazi rahisi kuliko vipimo vingi vya mke, kwa hiyo mume asibaki nyumbani.