Mahali Panne Kando ya Barabara

Tanzania ni nchi kubwa. Eneo lake lapita kilometa za mraba 940,000. Hata Kenya na Uganda zikiunganishwa pamoja hazilifikii. Walakini wageni wengi waijiao hutaja majina matatu tu: Kilimanjaro, Serengeti na Unguja. Wala si ajabu, kwa kuwa mlima ule, wanyama wale na bahari ile ni vitu vizuri mno. Lakini mtu aliyeona hayo matatu peke yake hajaijua nchi, kama vile mtu aliyesimama barazani hajaijua nyumba.

Tazameni ramani. Iko barabara ndefu itokayo Tunduma, mpakani mwa Zambia, ikapita Mbeya, Iringa, Dodoma na Kondoa, hata ikafika Arusha. Magari huipita mchana na usiku, na wasafiri wengi hulala usingizi ndani yake. Lakini atakayeshuka njiani ataona mambo yasiyopatikana pengine.

Mahali pa kwanza ni Mbozi, kati ya Tunduma na Mbeya. Huko, juu ya kilima cha Marengi, kimo kimondo, yaani kipande kikubwa cha chuma kilichoanguka kutoka mbinguni. Urefu wake ni meta 3 hivi, na uzito wake hukisiwa kuwa zaidi ya tani 10. Sehemu kubwa yake ni chuma, nayo iliyosalia karibu yote ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Habari zake zilipata kuandikwa na mpima ardhi mmoja mwaka 1930. Mwaka huo huo mtaalamu wa mawe alitaka kipande kidogo cha kuchunguza, akakikata kwa msumeno wa kukatia chuma, na kazi hiyo ikamchukua saa 10. Hapana shimo kubwa la kuonyesha mahali kilipopiga, kwa hiyo yadhaniwa kwamba kilianguka zamani sana, na mvua na upepo vikalifuta shimo lake. Baadaye watu walichimba handaki kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, ili mgeni aone umbo lake lote.

Mahali pa pili ni Isimila, karibu na mji wa Iringa. Hapo pana korongo kavu, na ndani yake zimesimama nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Zamani za kale palikuwa na ziwa dogo, na watu walikuja kando yake kuwinda na kuchinja nyama. Hawakujua chuma, walichonga mawe yakawa mashoka ya kushika mkononi, yenye ncha mbele na makali pande zote mbili. Mashoka hayo yana umri wa zaidi ya miaka 200,000. Mwaka 1951 yaligunduliwa, na tangu mwaka 1957 wachimbaji wakaanza kuyapima kila moja mahali pake. Kwa nini mahali pake? Kwa sababu shoka la jiwe likiwa pale lilipoachwa hutuambia watu walikaa wapi na walifanya nini. Likitiwa mfukoni na kupelekwa nyumbani, ni jiwe tu.

Mahali pa tatu ni Kolo, mbele ya mji wa Kondoa. Katika vilima vya huko iko miamba mikubwa iliyoinama kama mapaa ya nyumba, na chini yake watu wa kale walichora picha. Miamba yenye picha hupita 150. Picha nyingi za zamani zilichorwa kwa rangi nyekundu: twiga, pofu, tembo, na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Nyingine ni nyeupe, nazo ni za nyuma zaidi. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akizinakili kwa uangalifu, na mwaka 2006 ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mpaka leo wenyeji huendea miamba mingine kwa matambiko yao.

Mahali pa nne ni mbali kidogo na barabara. Msafiri hugeuka kabla ya Arusha, akapita Mto wa Mbu, akaelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa hata Engaruka. Nchi ile ni kavu na yenye vumbi. Lakini tangu karne ya 15 hata ya 18 walikaa wakulima hodari. Waliteka maji ya vijito vilivyoshuka kutoka milimani, wakayapitisha katika mifereji iliyojengwa kwa mawe, wakanywesha mashamba yaliyogawanywa kwa kuta ndogo. Hawakutumia chokaa, walipanga jiwe juu ya jiwe. Hatimaye walihama, na wataalamu wengi hutaja kupungua kwa maji kuwa sababu mojawapo. Kuta zao zingali zaonekana.

Basi, ni nani azilindaye hazina hizi? Kimondo chajilinda chenyewe kwa ugumu wake. Lakini mashoka ya Isimila ni mepesi kwa mkono wa mwizi. Kuta za Engaruka zaweza kuvunjwa na mtu atakaye mawe ya kujengea. Picha za Kolo ni dhaifu kupita zote: mtu amwagapo maji juu yake ili rangi ing'ae apate kuipiga picha, huiharibu rangi ile ile aliyoijia. Wengine wamechimba chini ya miamba hiyo wakitafuta mali waliyosikia kwamba ilifichwa na Wadachi. Hawakuliharibu jiwe tu. Wameivuruga ardhi iliyokuwa imetunza habari za watu wa kale.

Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo hukataza maovu hayo. Lakini sheria haina macho mia katika kila kilima. Mlinzi aliye karibu ni mtoto achungaye mbuzi, mama akataye kuni, na msafiri aliyeshuka garini. Shamba likiharibika hulimwa tena, na nyumba ikianguka hujengwa tena. Picha iliyofutika mwambani haina wa kuichora mara ya pili.

Maswali
1. Taja miji mitano iliyo njiani kutoka Tunduma hata Arusha.
2. Kwa nini shoka la jiwe hupoteza maana likiondolewa mahali pake?
3. Wakulima wa Engaruka walipataje maji katika nchi kavu?
4. Katika wilaya yenu, ni mahali gani pa kale pasipojulikana na wageni? Waulizeni wazee, kisha andikeni habari zake.