Chama cha mume wangu hakina pesa, kina mazimwi

Kwako Shangazi,

Nina umri wa miaka 29. Tunaishi Kiamunyi, nimeolewa mwaka wa nne huu na tuna mtoto mmoja. Mume wangu hutengeneza kompyuta mjini Nakuru. Si mlevi, hanipigi, na kodi ya nyumba hulipa kwa wakati. Ila ni mkimya mno. Akiingia jioni anakula, anamchezesha mtoto kidogo, kisha anainamia simu hadi usingizi umchukue. Nikimuuliza siku ilikuwaje, jibu ni "poa tu".

Kila Ijumaa huenda Lanet kwa rafiki yake. Aliniambia ni chama na kwamba wanachanga Sh500 kila wiki. Nilipiga hesabu nikaona mwaka mzima ni Sh26,000, nikaanza kuulizia bei ya tangi la maji. Desemba wenzangu wakagawana pesa za vyama vyao. Chake kimya. Nilipomkazia akasema pesa bado zinazungushwa.

Mwezi uliopita nilikuwa nikifagia nikakuta mkoba wake chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kitabu cha Kiingereza ambacho binamu yake aliye Marekani alimletea. Kwenye jalada kuna sanamu kubwa ya shetani yenye pembe, na watu wameiparamia. Kulikuwa na dadu za ajabu, nyingine ina pande 20. Kulikuwa pia na daftari alilojaza kwa mkono wake: ramani ya Menengai ambapo Kirima kia Ngoma, yaani kilima cha mizimu, pamezungushiwa wino mwekundu, vyumba vya kasri la Lord Egerton kimoja kimoja, na orodha ya majina, mengine yameandikwa kando "amekufa". Kwenye kompyuta yake nikapata filamu isiyo na rangi, mzee kipara mwenye kucha ndefu akiamka kutoka kwenye jeneza.

Mama alikuwa amekuja kutoka Subukia kumwona mjukuu. Aliunyunyizia mkoba maji ya baraka aliyoyateka kule kwenye kituo cha hija, akaniambia tuuchome kabla mtoto hajadhurika. Nilimsihi angoje.

Ijumaa iliyofuata nilimwachia Mama mtoto, nikapanda matatu mbili hadi Lanet. Sikubisha hodi. Nilisimama dirishani nikasikia sauti ya mume wangu. Alikuwa akisimulia, mara ni kikongwe, mara ni askari wa mkoloni, wenzake wametulia tuli halafu wanaangua kicheko mpaka wanapiga meza. Shangazi, sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Nichome? Ama nimfuate mama Subukia?

Mke Mwenye Wasiwasi, Kiamunyi

---

Mwanangu, usichome. Kwanza kitabu si chako. Pili, kwa sasa mwenye kesi ya kujibu ni mumeo. Ukiwasha kiberiti tu, kesi itakuwa yako.

Kichukue tena hicho kitabu ukitazame jalada kwa utulivu. Kwa jinsi ulivyolieleza, ni mwongozo wa wachezaji wa Dungeons & Dragons uliochapishwa 1978. Wale walioiparamia sanamu hawaisujudii. Wanachokoa jicho lake, kwa sababu jicho lenyewe ni kito. Ni wezi! Chini yao wenzao wanaburuta mizoga ya viumbe waliotoka kupigana nao, na wengine wameinamia ramani. Ibada haimo kabisa pale.

Mchezo wenyewe ulitoka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, ukiwa umetungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani. Mmoja ndiye msimulizi, na kwa nilivyosoma barua yako, huyo ni mumeo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi: nguvu zake, akili zake, mali yake. Msimulizi anasema, "Mlango umefungwa, na upande wa pili kuna kitu kinakwaruza. Mnafanya nini?" Mmoja anasema atauvunja. Anarusha ile dadu ya pande 20: namba kubwa, mlango umevunjika, namba ndogo, bega limeteguka na kile kitu kimesikia. Hawachezi kamari, na hakuna anayemshinda mwenzake. Wahusika hufa, ndiyo maana ya "amekufa" kwenye daftari. Ni marehemu wa karatasi, na wenyewe wapo Lanet wanakula chipsi.

Mzee kipara ni Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya 1922 iliyoongozwa na F. W. Murnau, aliyeigiza ni Max Schreck. Na usidhani wewe na mama ndio wa kwanza kutaka kuiangamiza. Waliichukua hadithi ya Dracula ya Bram Stoker bila ruhusa, mjane wa Stoker akashtaki, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Kosa lilikuwa hakimiliki, ushetani haukutajwa. Nakala chache ziliponyoka, ndiyo maana imefika Kiamunyi.

Kuhusu mama, usimcheke. Hesabu umri wake. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ikaja kuwekwa wazi 1999. Miaka hiyo yote uvumi ulitembea shuleni, kwenye matatu, kanisani: pete fulani, alama fulani, kitabu fulani. Mama aliyekuwa na watoto wa shule wakati huo alifunzwa na serikali yenyewe kupekua mikoba. Akiwa nyanya ameufikia wa mumeo, basi.

Wamarekani nao walipitia hayo, tena juu ya mchezo huuhuu. Mwaka 1982 mama mmoja wa Virginia alifiwa na mwanawe aliyejiua, akaulaumu mchezo, na mwaka uliofuata akaanzisha kikundi cha kuupinga. Makanisa yakaingia, televisheni zikaingia. Waliochunguza kwa makini hawakuona kwamba mchezo huu huwasukuma vijana kujiua. Lakini kampuni ilichoka na kelele, na toleo la 1989 likaondoa maneno "shetani" na "pepo" na kuwabatiza viumbe wale majina mapya. Mazimwi yakabaki yaleyale. Mimi hapo huwacheka wote wawili, kampuni na wapinzani wake.

Kisha jiulize nani aliyekutisha kwanza maishani mwako. Nina hakika kabisa si Mjerumani. Ni huyo mama, au mama yake, jioni, moto ukiwaka, zimwi likimfuata msichana aliyekataa kusikia la wazazi. Kirima kia Ngoma hakikubuniwa na mumeo. Hakuna mtoto wa Nakuru aliyekua bila kuambiwa kwamba huko kwenye kreta ya Menengai watu hupotea siku nzima wakizunguka palepale. Kuhusu kukaa watu wazima wakicheza, nenda Hyrax Hill hapo karibu na Lanet utazame mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Waliochonga walikuwa na kazi za kufanya na mifugo ya kuchunga, na bado waliketi kucheza.

Hayo ya shetani nimeyamaliza, maana sidhani ndiyo yaliyokuliza.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Sanamu umeieleza, dadu umezihesabu pande, daftari umelinakili karibu lote, na pote huko hukulia. Ulilia pale dirishani, uliposikia sauti. Mtu ambaye kwako ni "poa tu" kumbe ana kikongwe na askari wa mkoloni ndani yake, na wanaofaidi ni vijana wa Lanet. Huo ni wivu, mwanangu, na ni wivu halali. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na mwanamke; ungejua pa kuelekeza hasira.

Usijiambie kwamba hakupendi. Kuna watu, hasa wanaume waliolelewa wakiambiwa nyamaza, ambao hawawezi kujieleza kwa vinywa vyao wenyewe. Mpe kinywa cha mtu mwingine atakesha akiongea. Halafu angalia swali unalomuuliza. "Siku yako ilikuwaje?" hujibiwa kwa neno moja. Kule mezani swali ni "Unafanya nini sasa?", na haliwezi kujibiwa kwa "poa tu", kwa sababu kuna kitu kinakwaruza mlango.

Sasa niruhusu niseme na mumeo, maana najua gazeti hili litaachwa mezani makusudi.

Wewe kijana, mimi sina shida na dadu zako. Nina shida na chama. Ulimdanganya mkeo mwaka mzima, ukamwacha aulizie bei ya tangi kwa pesa zisizokuwapo. Najua kilichokufanya udanganye. Ungesema unaenda kwa pombe, mama mkwe angeguna na kunyamaza. Ungesema ni mpira, asingeuliza hata timu. Lakini mwanamume mwenye mtoto anayeigiza sauti ya kikongwe wa Menengai Ijumaa usiku? Uliona haya, na haya ikakugeuza mwongo. Nakuelewa, ila haya hainunui tangi.

Tena usijaribu kumwambia kwamba mchezo ndio ulikula pesa. Sheria za msingi za mchezo huo hupatikana bure kwenye intaneti, na Januari 2023 wenye kampuni waliziachia wazi mtu yeyote azitumie. Nosferatu ni ya umma sasa. Night of the Living Dead, ile ya 1968 ya George Romero ambayo nina hakika mmeiona, iliangukia kwa umma tangu siku iliyotoka, kwa sababu walipobadilisha jina la filamu walisahau kuandika tangazo la hakimiliki. Kitabu uliletewa. Basi Sh26,000 zilienda chipsi, soda na nauli, au hazikutoka mfukoni kabisa. Sema ni lipi. Na kwa kuwa kasri la Egerton unalijua chumba kwa chumba, unamjua pia mwenyewe, Lord Egerton: alianza kujenga 1938, akamaliza 1954, vyumba zaidi ya 50, akafa 1958 bila mke wala mtoto. Wewe unaye mtu Kiamunyi anayetaka kusikia sauti yako, na umemwacha nje ya dirisha.

Nirudi kwako, mwanangu. Chagua jioni ya katikati ya wiki, mtoto akishalala. Weka mkoba mezani ukiwa umefungwa. Usianze na shetani, maana atakucheka na utakuwa umeshindwa kabla hujaketi. Anza na pesa. Mwambie ulipiga hesabu gani na ulitaka kununua nini. Mwache aone haya, usimwokoe. Akishatoa hesabu yake, mwambie ulienda Lanet, ulisimama dirishani, na ulisikia nini. Hilo la sauti liseme kwa upole. Atashtuka zaidi ya alivyoshtushwa na habari ya pesa.

Usiku mwingine, mwambie akuwekee Nosferatu. Naichagua kwa sababu moja: haina sauti. Filamu ya kuzungumza ingewanyamazisha wote wawili na mngerudi palepale. Hii ina picha tu na maandishi machache, kwa hivyo mwambie akusimulie, anavyofanya DJ Afro kwenye filamu za Wachina, na wewe umkatize kadiri unavyotaka. Muulize yule mzee anataka nini, na yule mke mbona anafungua dirisha. Utajua baada ya nusu saa kama yule mtu wa Lanet anaweza kuketi sebuleni kwako. Ikikupendeza, inayofuata iwe hiyo ya Romero. Shujaa wake ni Duane Jones, mwanamume mweusi, jambo ambalo Marekani ya 1968 haikuwa imelizoea, na mwisho wake utakufanya ugombane na televisheni. Mtoto asiwe karibu. Hapo nakubaliana na mama kabisa: wa miaka miwili au mitatu hajui kutenganisha kioo na chumba chake.

Kisha nenda Lanet Ijumaa moja, kwa kualikwa, kwa kupitia mlangoni. Uketishwe mezani upewe mhusika. Huenda ukaona ni upuuzi mtupu, na una haki. Mimi mwenyewe drafti hunipa usingizi na nina jamaa wasioweza kuishi bila hiyo. Ikiwa hivyo, mpatane: Ijumaa mbili zake kwa mwezi, nyingine za nyumbani, na gharama yake iandikwe wazi kwenye bajeti ya nyumba, mahali pa chama hewa.

Mama mwambie baada ya kuzungumza na mumeo, si kabla, na mumeo awepo. Amwoneshe mwenyewe jalada na wale wezi. Akitaka kunyunyiza maji tena, mwacheni anyunyize.

Lakini mumeo akikataa kutoa hesabu ya zile Sh26,000, au akitoa hesabu ya tatu isiyolingana na mbili za kwanza, niandikie upesi. Hapo hatutakuwa tunazungumza tena habari za mchezo.